Milango ya Forest na Nyumba za Watawa za Ladakh

Nilimpiga binti yangu siku kiwanda kilipofungwa. Ningependa kusema nilikuwa nimelewa, maana watu huisamehe pombe upesi kuliko wanavyomsamehe mtu. Lakini nilikuwa nimekunywa kahawa tu, vikombe viwili vya ile mashine ya koridoni.

Kwa miaka kumi na tisa nilifunga milango ya magari kwenye kiwanda cha Forest, mtaa wa Brussels, Ubelgiji. Mlango unashuka kwenye mnyororo, unaupokea, unaupachika kwenye bawaba, unakaza, unaufungua na kuufunga mara mbili usikie unavyolia, basi, mwingine huo unakuja. Sauti ya mlango mzuri naijua hata usingizini. Siku ile gari la mwisho lilipopita, wenzangu wengine walilia. Mmoja alirusha spana ukutani kwa nguvu zake zote, ikaruka na kumchana mwingine paji la uso, na hakuna aliyemgombeza. Tulisimama tukiitazama damu inavyoshuka hadi kwenye kola. Kisha nikarudi nyumbani kwa miguu, ngumi ya mkono wa kulia imekunjwa ndani ya mfuko wa koti, na sikujua kwamba imekunjwa.

Binti yangu alikuwa mezani. Ana miaka kumi na sita. Mama yake alitutoka yeye akiwa na tisa, na tangu hapo tulibaki wawili. Mbele yake ilikuwepo karatasi aliyoitengeneza kwa ajili ya somo la jiografia kisha akaipenda kuliko somo lenyewe: miji na nyumba za watawa wa Kibudha za kutembelea Ladakh, kule juu kaskazini mwa India. Aliiandika kwa wino wa kijani na kuchora mto katikati. Leh, Thiksey, Hemis, Lamayuru, na majina mengine mawili matatu yaliyonishinda kutamka. Kwa miezi karatasi hiyo ilikaa kwenye friji yetu, nami nilimtania kwamba Wabudha wake wamemaliza sumaku zote, bili za umeme zinalala chini.

Aliinua kichwa, akaniona uso, akatafuta neno la kunifariji. Akalipata.

"Papa, c'est pas grave. Sasa uko na temps. Twende kule."

Si neno kubwa, sasa nina muda: hilo ndilo neno nililompigia.

Kofi la kwanza lilimpata shavuni. La pili lilitua kwenye sikio la kushoto, kiganja kizima, na nilisikia mlio wake kama mtu aliyepasua mfuko wa karatasi. Alikimbilia bafuni akajifungia. Na mimi, fundi wa milango, niliupiga mateke ule mlango mwembamba wa nyumba ya kupanga mpaka kitasa kikang'oka na ubao ukapasuka katikati. Niliingia. Alikuwa amekaa ndani ya beseni la kuogea, magoti kifuani, mikono juu ya kichwa. Hapo nikasimama. Msidhani ni huruma. Nilisimama kwa sababu nilimjua yule aliyekaa vile.

Nilikuwa mimi. Nikiwa na miaka kumi, pembezoni mwa Bukavu, watu wenye bunduki walikuja kwetu asubuhi, uji ungali jikoni. Mlango wetu ulifunguka kwa ndani, kama milango yote ya kule, na baba alikuwa ameuegemea kwa mgongo. Teke la kwanza lilimtikisa, la pili likampigisha magoti, la tatu mlango ukaja pamoja naye. Waliyomfanyia sitayaeleza. Niliyaeleza mara moja kwa afisa wa wakimbizi aliyekuwa akiandika, na inatosha. Nasema tu kwamba nilikuwa nyuma ya pipa la maji, magoti kifuani, mikono juu ya kichwa, na niliyaona yote kwa chini.

Mama mdogo wa binti yangu ni muuguzi, anakaa Woluwe, upande wa pili wa mji. Alikuja kumchukua mchana huohuo. Sikio lilikuwa linavuja damu. Kiwambo kilikuwa kimepasuka, na hata kilipokuja kufunga hakikufunga sawasawa. Nilisimama pale sebuleni nikijitetea kwa methali, Mungu anisamehe. Nilisema samaki mkunje angali mbichi.

"Mutoto si samaki," shemeji akanijibu. Alikuwa anamfunga binti yangu skafu kichwani. "Na wewe si papa, uko mupumbafu. Ukikanyaga kwangu bila mi kukuita, naita police, tu m'entends? Naita police na nabashikilia mulango."

Wakaondoka. Binti yangu alichukua begi lake la shule tu. Karatasi aliiacha.

Wiki zilizofuata nilizunguka Forest nikitafuta mtu wa kupigana naye. Kazi sina, mtoto sina, na ngumi iko palepale mfukoni. Kwenye kituo cha tramu nilimkaba mtu kwa sababu alinikanyaga kisha akaniomba radhi. Ile radhi ndiyo iliyoniudhi. Nilimbana kwenye kioo cha kituo mpaka kikapata ufa, na mama mmoja mwenye mikoba ya sokoni akanipiga nayo mgongoni, vitunguu vikatawanyika relini. Nilikimbia. Mtu mzima, msomaji wa misa ya pili, nikikimbia barabarani na ganda la kitunguu begani.

Nikanunua tiketi mbili za ndege. Nilimwandikia binti yangu kwamba tunakwenda kwenye milima yake, mimi na yeye, shule ikifungwa. Jibu lilichukua siku nne: "Nenda peke yako."

Nikaenda peke yangu, kwa ubishi. Watu wa parokia walidhani nakwenda kutubu, mmoja akanipa rozari. Hapana. Nilikwenda kumwonyesha. Niliikunja ile karatasi ya kijani nikaapa kwamba kila mahali palipoandikwa nitapiga picha, nimpelekee zote, aone baba yake ni mtu wa namna gani, arudi nyumbani. Kurudi nyumbani, basi. Sikutaka kingine.

Leh inakupokea kwa kipigo. Ndege inashuka kati ya milima isiyo na jani hata moja, unatoka nje, jua linakuchapa usoni na hewa haipo. Sisi wa Bukavu tunajidai watu wa milimani, kumbe milima yetu ina migomba mpaka kileleni. Siku mbili nililala nyumba ya wageni, kichwa kikigongwa nyundo kwa ndani, nikitapika chai. Siku ya tatu niliweza kutembea. Sokoni kulikuwa na honi, aprikoti zilizokaushwa, wanawake wa vijijini wakiuza kabichi ukingoni mwa barabara, na juu ya mji jumba la zamani la wafalme, rangi ya udongo, madirisha matupu. Chini yake mbwa sita walikuwa wakimrarua mbwa wa saba. Halafu malori ya jeshi yakapita, moja baada ya jingine, maana huko ni mpakani. Mwili wangu uliwatambua askari kabla yangu mimi: kila lori lilipopita nilijikuta nimebana mgongo ukutani. Picha yangu ya kwanza ya lile jumba ilitoka imepinda.

Nilimkodi dereva, mtu wa makamo mwenye kofia ya sufu. Kiingereza chake kilikuwa cha kuokoteza kama changu nilichokiokota kambini Kigoma, kwa hiyo tulielewana vizuri. Ugomvi wetu wa kwanza ulikuja upesi. Katika nchi ile kuna kuta ndefu za mawe yaliyochongwa sala, na desturi ni kuzipita zikiwa upande wako wa kulia, ukitembea au ukiendesha. Mahali fulani barabara iligawanyika kuuzunguka ukuta kama huo. Upande mmoja lami, upande mwingine mashimo na kokoto. Dereva akashika mashimo, ili ukuta ubaki kuliani. Nikamwambia lami ile pale. Akatikisa kichwa. Nikaipiga dashibodi kwa ngumi, kisanduku chake kikafunguka, leseni, risiti na picha ya mke wake vikamwagikia miguuni pangu. Alisimamisha gari. Alikusanya kimoja kimoja, akavipanga, akafunga kisanduku, akaendelea na njia yake ya mashimo. Utulivu ule ulinitia hasira zaidi.

Thiksey ni kilima kilichovaa nyumba. Vijumba vyeupe vya watawa vinapandana kutoka chini hadi juu, na juu kabisa hekalu jekundu. Ndani ameketi Budha atakayekuja, mrefu wa orofa mbili. Unaingia kwa orofa ya juu, unakutana na uso wake, mwili wake umezama chini yako. Anatabasamu kidogo tu. Nilimchukia. Nilisimama mbele ya tabasamu lile nikawaza: wewe hujawahi kufukuzwa kazi, wewe huna binti. Nilipiga picha tisa nikatoka.

Hemis tuliikuta kwenye sikukuu. Uani palikuwa pamejaa hadi kwenye mapaa. Watawa wakapuliza tarumbeta ndefu kuliko mtu, matoazi yakapasua masikio, wakatoka wachezaji wenye vinyago vya meno marefu na macho matatu. Walicheza polepole sana kwa saa nyingi. Halafu kikaletwa kisanamu cha unga chenye umbo la mtu, kikalazwa chini, na mmoja wa wale wenye vinyago akakizunguka akicheza, akakichoma kisu. Akakata mkono. Akakata mguu. Akapasua kifua, akavitupa vipande huku na huku, na akina mama wakawainua watoto wao waone vizuri.

Dereva alinieleza kwamba yule wa unga ni adui, na kwamba adui huyo anakaa ndani ya mtu.

"Hodari wa kuua unga," nilimjibu. Nilimwambia kwetu nimeona kazi hiyo ikifanywa kwa nyama na mifupa, bila ngoma. Lakini mimi mwenyewe najua kilichonipata pale: kila kisu kilipozama nilikifurahia. Nilikuwa nimeinuka kwenye kiti bila kujua, mkono wa kulia umekunjwa, nikisema kwa Kiswahili, "Ongeza, ongeza." Mzee mmoja wa Kifaransa aliyeketi karibu alihamisha mkoba wake.

Nyumba iliyofuata kwenye karatasi sitaitaja, kwa sababu aliyekosa pale ni mimi, na watawa wake hawana hatia.

Hapa lazima nieleze jambo. Parokiani kwetu, utotoni, nilikuwa mtumishi wa altare. Kipindi cha Mateso sanamu zote kanisani hufunikwa vitambaa vya zambarau, Bikira, Yosefu, wote, na zinakaa gizani mpaka Pasaka. Kuvivua ilikuwa kazi yangu. Nilipanda ngazi, baba ameishika kwa chini, nikavuta kitambaa na uso wa Mama Maria ukatokea ukitutazama. Miaka mitatu niliifanya kazi hiyo. Ndiyo kumbukumbu niliyo nayo ya baba akicheka.

Basi nyuma ya hekalu kuu la nyumba ile kulikuwa na chumba kidogo, cheusi kwa moshi wa taa za siagi. Wanakiita chumba cha walinzi, yaani miungu inayoilinda nyumba. Ukutani palikuwa na panga za zamani, ngao, na ngozi ya mnyama iliyojazwa majani. Mbele palisimama sanamu ndefu, mikono mingi, na uso wake umefunikwa kwa kitambaa. Mtawa mzee aliyetufungulia alikuwa amegeuka kuongeza siagi. Nami nikawaza, kwa akili yangu yote ya Kikatoliki: Pasaka imepita miezi mitatu, hawa wamesahau kufunua. Niliwahurumia. Nikanyoosha mkono, nikakivuta kitambaa.

Macho yalikuwa yametoka nje, mekundu. Mdomo wazi, meno ya kuraruria, ulimi umejikunja, kichwani taji la mafuvu. Sikuogopa kwanza. Nilifikiri tu kwamba huyu nimeshamwona mahali.

Kitu kikanipiga kifundo cha mkono, kizito, kikanichana. Lilikuwa shada la funguo. Mtawa alikuwa ananipigia kelele, anainua funguo tena, na mkono wangu ukafanya unachokijua. Nilimsukuma kifuani. Mzee wa watu, mwepesi kama kuku. Aliangukia ngoma kubwa, ngoma ikalia, taa mbili zikapinduka, siagi ya moto ikanimwagikia kiatuni. Dereva alinishika kwa nyuma, mikono yote miwili, akanibana. Nilikuwa napumua kama fahali. Ngumi ilikuwa juu.

Mtawa aliinuka. Mdomo wake ulikuwa unatoka damu, lakini hakuugusa. Kwanza alirudisha kitambaa, akakinyoosha taratibu pande zote hadi uso ule ukafichika. Ndipo akajifuta. Akasema maneno machache kwa ukali, huku akitusukuma nje, na dereva akanitafsiria uani, mikono yake ingali imenishika.

"Anasema huyo hafunuliwi ila siku moja kwa mwaka, wakati wa baridi. Kazi yake ni hasira. Anawalinda wote humu. Lakini hakai na watu. Mlango wake unafungwa na ufunguo anao mwingine."

Nyuma yetu nilisikia kufuli likibanwa. Kufuli zuri, zito. Nilikaa kwenye ngazi nikalia kwa kelele, mtu mzima, damu inanitoka mkononi, na watalii wakitupita. Nililia kwa sababu nilikuwa nimekumbuka nilikomwona. Sikumwona mimi. Binti yangu ndiye aliyemwona, kwetu Forest, usoni pangu, bila kitambaa, na aliyejifungia mlango alikuwa yeye, tena mlango mbovu.

Kesho yake tulifika Lamayuru, mwisho wa karatasi. Nyumba ya watawa imekaa juu ya mwamba, na chini yake udongo wa njano umekunjamana bonde zima. Njiani tulikuta ukuta wa mawe ya sala. Dereva alinitazama. Nilimwonyesha kushoto, kwenye mashimo. Nilitaka kumwomba radhi, lakini nilikumbuka yule wa kituo cha tramu, nikaona haya kulitumia neno lilelile.

Niliporudi Brussels bafu bado lilikuwa na taulo lililoning'inia mahali pa mlango. Nilinunua mlango mzito, wa mbao ngumu, na fremu mpya. Kazi ilinichukua siku tatu. Jirani wa chini, aliyekuwa mwenzangu kiwandani, alipanda akanicheka: "Toi, umesahau kazi? Mulango ya douche inafungukaka mu ndani." Nilimwambia huu unafunguka kwa nje. Milango yote niliyofunga maishani hufunguka kwa nje, na ipo sababu: ukiupiga teke mlango wa namna hiyo, unaupigiliza kwenye fremu yake mwenyewe. Baba yangu angekuwa na mlango wa namna hiyo, wangechelewa. Ndani nikaweka komeo la chuma, skrubu ndefu kama kidole. Kwa nje niliweka kishikio tu, hata tundu la ufunguo hapana.

Shemeji aliniita Jumamosi moja, saa nane mchana. Nilikaa jikoni kwake Woluwe upande mmoja wa meza, wao upande wa pili. Niliweka picha mezani. Binti yangu alizipitia zote polepole. Nilipozungumza aligeuza kichwa aniletee sikio la kulia.

"Na ya balinzi?" aliuliza. "Mu karatasi niliandikaka. Yenye iko na kitambaa."

Nilimwambia hawaruhusu picha. Nilimwambia nilichofanya: kitambaa, mzee, damu ya mdomo. Shemeji akaguna, akasukuma kiti nyuma. Sikuficha.

"Sura yake ni namna gani?"

Nilijaribu kumweleza macho. Alinikata.

"Acha, papa. Sina lazima ya photo. Niliionaka mu douche."

Nilikuwa nimepanga maneno mengi kwenye tramu. Yote yakafutika. Nikamweleza habari za mlango, kwa sababu ndicho kitu pekee nilichokijua kwa uhakika: ubao, fremu, komeo, skrubu. Alisikiliza hadi mwisho. Kisha akavaa viatu.

Tulivuka mji mzima watatu kwa tramu. Nyumbani alipita sebuleni bila kutazama friji, akaugusa mlango, akaufungua na kuufunga mara mbili, kama nilivyomzoeza kwenye gari letu alipokuwa mdogo. Akaingia. Komeo likaingia mahali pake.

"Papa. Sukuma."

Niliweka kiganja nikasukuma.

"Hapana. Teke. Kama ile siku."

"Siwezi," nilisema.

"Quoi?"

Lile sikio. Nikasogeza mdomo kwenye ubao nikasema kwa nguvu kwamba siwezi.

"Donc sitarudi. Mi siwezi kulala huku kama sijue, papa. Piga."

Nilimtazama shemeji. Alikuwa ameshika simu mkononi, kidole tayari, na akaniashiria kwa kidevu nifanye nilivyoambiwa. Nilipiga teke. Nyumba ilitikisika, kikombe kikaanguka jikoni, na ndani nikasikia akivuta pumzi kwa mkupuo, sauti ndogo ninayoijua tangu nyuma ya lile pipa.

"Tena."

Nilipiga tena, nikilia, kwa uzito wangu wote, maana ningempunguzia angejua.

"Tena."

La tatu liliniumiza goti. Mlango ulipiga fremu, ukakaa. Ulilia vizuri, mlio mmoja mfupi. Nilingoja, sikubisha, sikuuliza.

"Bon," alisema.

Niliposikia komeo likianza kusogea, nilirudi nyuma hatua tatu na kukaa sakafuni, mikono magotini, ili mlango upate nafasi ya kufunguka.